Biskuti za Viungo Zinazobaki Laini

Je, mama mpendwa, umewahi kuoka biskuti nzuri Jumamosi, zikanukia nyumba nzima, halafu ilipofika Jumatatu zikawa ngumu kama vigae? Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba ndivyo biskuti zilivyo: huliwa siku ileile, na zinazobaki huchovywa ndani ya chai mpaka zikubali kutafunika. Lakini iko aina moja ya biskuti ambayo haifuati desturi hiyo. Leo ni laini, kesho ni laini zaidi, na baada ya siku tano bado unaweza kuipinda kidogo kabla haijakatika. Ni biskuti ya tangawizi, mdalasini na karafuu, inayotiwa rangi na utamu kwa molasi.

Katika makala hii tutaieleza biskuti hiyo kwa ukamilifu: ilikotoka, kwa nini inabaki laini, jinsi ya kuioka kwa tanuri la umeme au kwa jiko la mkaa, na jinsi ya kutumia sukari guru mahali ambapo molasi safi haipatikani. Unga, mayai na siagi ni vitu vya fedha. Mama anayeelewa kinachotokea ndani ya tanuri hapotezi vitu hivyo ovyo, na hana haja ya kuogopa kujaribu.

ILIKOTOKA

Biskuti za molasi ni chakula cha nyumbani cha Amerika ya Kaskazini. Katika miaka ya 1700 na sehemu kubwa ya miaka ya 1800, sukari nyeupe huko ilikuwa ghali, nayo molasi iliyoletwa kwa meli kutoka visiwa vya Karibi ilikuwa rahisi. Kwa hiyo mama wa nyumba ya kawaida alitumia molasi katika mikate, maharagwe na biskuti.

Katika mji wa wavuvi wa Marblehead, jimbo la Massachusetts, watu bado wanasimulia habari za Joseph Brown na mkewe Lucretia. Joseph alikuwa mtu mweusi aliyepigana katika vita vya uhuru wa Marekani. Yeye na mkewe walikuwa na nyumba ya kuuzia vinywaji na vyakula, na simulizi za mji zinamtaja Lucretia kuwa ndiye aliyeoka biskuti kubwa za molasi na viungo ambazo hadi leo huitwa Joe Froggers. Wavuvi walizipenda kwa sababu moja kubwa: zilikaa muda mrefu bila kuharibika wala kuwa ngumu, hivyo walizibeba kwenye safari zao za baharini. Kumbe tangu zamani sifa ya biskuti hii ilikuwa kukaa.

Ni vema pia tukumbuke mikono iliyotangulia. Molasi ya Karibi ya siku zile ilitoka kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa waliotolewa Afrika. Na katika miaka hiyohiyo ya 1800, karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku huko mwaka 1897. Leo mkulima wa Pemba anaanika karafuu zake mwenyewe mbele ya nyumba yake, na sisi tunazinunua sokoni. Tunapowafundisha watoto wetu kuoka, si vibaya wakajua kwamba vitu vitamu vina historia, na kwamba haikuwa tamu kwa kila mtu.

MOLASI NI NINI?

Kiwandani, maji ya miwa huchemshwa mpaka yawe mazito, na chembe za sukari zikaanza kujitenga. Mashine inayozunguka kwa kasi hutoa chembe hizo, na kinachobaki ni maji mazito ya rangi ya kahawia. Hiyo ndiyo molasi. Ikichemshwa mara ya kwanza huwa nyepesi na tamu. Ya mara ya pili ni nyeusi zaidi. Ya mara ya tatu ni nyeusi tititi na ina uchungu, haifai biskuti za watoto. Kwa kuoka, tafuta ile ya kwanza au ya pili, inayouzwa ndani ya chupa au kopo katika maduka makubwa ya mijini, ikiwa na maandishi kwamba ni chakula cha binadamu.

Hapa tunatoa onyo. Molasi inayouzwa kwa madumu na mapipa kwa ajili ya ng'ombe usiilete jikoni, hata kama bei yake inavutia. Haikutayarishwa kwa usafi unaotakiwa kwa chakula cha watu. Tena chakula cha mifugo chenye molasi wakati mwingine huchanganywa na urea, ambayo ng'ombe anaweza kuivumilia kwa kiasi, lakini ni hatari kwa mtoto wako.

Kama molasi safi haipatikani mahali unapoishi, usikate tamaa. Tunayo sukari guru. Hii hutengenezwa kwa kuchemsha maji ya miwa mpaka yagande, bila kutoa chembe za sukari. Maana yake ni kwamba molasi yote bado imo ndani yake. Ni ile inayotumika kwa kashata na kwa uji, na unaipata sokoni kwa bei ya kawaida. Fanya hivi:

Chukua gramu 100 za sukari guru, uipondeponde. Itie katika sufuria ndogo pamoja na vijiko 3 vya mezani vya maji. Weka juu ya moto mdogo mpaka iyeyuke yote. Ichuje kwa kitambaa safi, maana mara nyingi ina mabaki ya miwa na hata mchanga. Irudishe motoni, utie kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, uache ichemke polepole mpaka iteleze kwenye kijiko kama asali. Ndimu inazuia sukari isigande tena, na pia inaisaidia soda kufanya kazi yake. Acha ipoe kabisa kabla ya kuitumia. Ladha yake ni ya upole kuliko molasi ya dukani, na biskuti zitakuwa na rangi ya kahawia isiyokolea sana, lakini ulaini utakuwa uleule.

KWA NINI INABAKI LAINI?

Hili ndilo jambo kubwa la makala hii, nalo halihitaji elimu ya chuo kikuu.

Sukari nyeupe ikiyeyuka katika joto kisha ikapoa, hupenda kurudi kuwa chembechembe. Ndiyo sababu biskuti ya sukari nyeupe peke yake hukauka na kuvunjika kwa mlio. Molasi ina sukari za aina nyingine, kama zile zilizomo ndani ya asali. Sukari hizo hazigandi kwa urahisi, na tena zinashika maji, zinayavuta hata kutoka hewani. Kwa hiyo biskuti yenye molasi inabaki na unyevu wake. Vileja vyetu vya unga wa mchele na samli vinapendeza kwa sababu vinamung'unyika mdomoni. Biskuti hii inapendeza kwa sababu inapinda na kutafunika. Kila moja ina siku yake.

Lakini molasi peke yake haitoshi. Jambo la pili ni kujua wakati wa kuitoa motoni. Biskuti ikikaa tanurini mpaka katikati pawe pakavu, maji yote yamekwisha kuondoka, na hata ukiweka molasi ya chupa nzima haitasaidia. Biskuti laini hutolewa wakati pembeni pameshika na katikati bado panaonekana kana kwamba hapajaiva. Joto lililobaki ndani yake na katika trei litamaliza kazi. Akina mama wengi wanashindwa hapa, si kwa uzembe bali kwa bidii iliyozidi: wanaona katikati pana unyevu, wanairudisha biskuti motoni kwa dakika tano zaidi, na dakika hizo tano ndizo zinazoiharibu.

MAHITAJI

Vipimo hivi vinatoa biskuti kama 25. Kikombe tunachokisema hapa ni cha robo lita, yaani mililita 250. Vijiko vyote visawazishwe juu kwa kisu.

Unga wa ngano mweupe, vikombe 2 na robo (gramu 280)
Soda ya kuokea, kijiko kimoja na nusu cha chai (si hamira)
Tangawizi ya unga, vijiko 2 vya chai
Mdalasini wa unga, kijiko kimoja na nusu cha chai
Karafuu ya unga, robo kijiko cha chai
Pilipili manga ya unga, robo kijiko cha chai (ukipenda)
Chumvi, nusu kijiko cha chai
Siagi au majarini, gramu 170
Sukari, gramu 150 (robo tatu za kikombe)
Molasi, au sukari guru uliyoyeyusha, vijiko 5 vya mezani
Yai moja
Sukari kidogo ya kuviringishia, kama vijiko 3 vya mezani

Neno juu ya viungo. Vyote hivi vinalimwa kwetu: tangawizi ya milima ya Same, mdalasini wa Usambara na wa Zanzibar, karafuu ya Pemba. Nunua vizima kila inapowezekana, uvitwange na kuvichekecha mwenyewe, kwa sababu viungo vilivyosagwa zamani hupoteza harufu dukani. Tangawizi iwe kavu. Mbichi ina maji na itaubadilisha mchanganyiko. Karafuu usiongeze. Ina mafuta makali, yaleyale ambayo madaktari wa meno huyatumia kutuliza maumivu, na ikizidi inaua ladha ya vingine vyote na kuufanya ulimi uwe na ganzi. Mwenye kupenda kungumanga au iliki anaweza kutia kidogo mahali pa pilipili manga.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Chekecha pamoja unga, soda, viungo vyote na chumvi. Changanya vizuri. Soda isiyochanganyika hubaki mabonge, na anayelipata bonge hilo mdomoni hatalisahau.

2. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, kisha iache ipoe mpaka uweze kugusa sufuria bila kuungua. Siagi ya moto itapika yai.

3. Katika bakuli kubwa changanya siagi hiyo na sukari. Tia molasi, kisha yai. Koroga kwa mwiko mpaka mchanganyiko ung'are na uwe mzito kidogo. Hakuna haja ya kupiga kwa muda mrefu kama keki, kwa maana hatutaki hewa nyingi ndani.

4. Mimina unga wote, uchanganye polepole mpaka usione unga mkavu. Ukifika hapo acha. Ukiendelea kukanda kama chapati, biskuti zitakuwa ngumu.

5. Funika bakuli, uweke katika jokofu kwa saa moja au zaidi. Kama huna jokofu, weka bakuli ndani ya beseni la maji baridi, lifunike kwa kitambaa kilicholowa, uliweke kivulini mahali penye upepo. Ni afadhali kufanya hivi jioni au asubuhi mapema kuliko mchana wa jua. Mchanganyiko ukipoa siagi inashika, unga unakunywa maji, na biskuti hazitatandazika motoni kama chapati za maji.

6. Chota donge la ukubwa wa limau dogo, yaani kama gramu 30. Liviringe mikononi liwe mviringo, kisha liviringishe katika sukari. Panga madonge kwenye trei iliyopakwa siagi kidogo, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kati ya moja na jingine. Usiyabonyeze. Yatajilaza yenyewe.

7. Oka kwa nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 9 hadi 11. Utaona yanafura, kisha yanashuka na kupasuka juu. Toa wakati pembeni pameshika, na ndani ya mipasuko bado panaonekana panang'aa kwa unyevu.

8. Ziache juu ya trei kwa dakika 5 bila kuzigusa. Zikiwa za moto ni dhaifu na zitavunjika. Baada ya hapo zihamishe kwenye wavu au ungo safi zipoe kabisa.

KAMA HUNA TANURI LA UMEME

Tanuri la umeme au la gesi si la lazima. Sufuria kubwa nzito na mkaa vinatosha, mradi moto uwe juu na chini. Tandaza mchanga mkavu safi chini ya sufuria kubwa, kimo cha vidole viwili. Juu ya mchanga weka mawe matatu madogo yaliyo sawa, au kopo fupi la bati, ili trei yako isiguse mchanga. Funika, uweke sufuria juu ya jiko lenye makaa ya wastani, na juu ya kifuniko weka makaa mengine. Acha ipate joto kwa dakika 15 hadi 20.

Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Biskuti ni nyembamba kuliko keki, na moto wa chini ukizidi utaunguza upande wa chini kabla ya juu kushika.

Kujua joto bila kipimo, weka kipande cha karatasi nyeupe isiyo na maandishi ndani ya sufuria kwa dakika chache. Ikigeuka rangi ya hudhurungi hafifu, moto unafaa. Ikiwa nyeusi upesi, punguza makaa na ungoje. Ikibaki nyeupe, ongeza. Halafu oka biskuti moja peke yake kwanza. Hiyo moja itakufundisha mengi kuliko kitabu: itakuambia dakika ngapi sufuria yako inahitaji, pengine 10, pengine 15, na kama unga unatandazika mno. Andika muda huo ndani ya daftari lako la mapishi, kwa sababu kila jiko lina tabia yake.

Usifungue kifuniko mara kwa mara, maana kila ukifungua joto linatoka na majivu yanaingia. Na tafadhali, mama, usifanye kazi hii ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, ambayo huua. Okea nje au mahali penye madirisha wazi.

ZIKIKUKATALIA

Zimetandazika na kuungana: siagi ilikuwa ya moto mno au mchanganyiko haukupoa. Zirudishe zilizobaki mahali pa baridi, na kama bado, ongeza vijiko 2 vya mezani vya unga.

Hazikutandazika, zimebaki vitumbua: unga ulizidi. Usiushindilie unga ndani ya kikombe. Uchote kwa kijiko, ujaze, kisha sawazisha.

Zina ladha ya sabuni: soda imezidi. Akina mama wanaoishi sehemu za juu, kama Nairobi, Mbeya au Njombe, ambako ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, watumie kijiko kimoja tu cha chai. Hewa ya huko ni nyepesi, na unga hufura zaidi kwa soda ileile.

Zimekuwa ngumu baada ya kupoa: zilikaa motoni mno. Mara nyingine punguza dakika mbili. Hizo zilizokuwa ngumu usizitupe. Ziweke ndani ya kopo pamoja na kipande cha mkate mbichi, uzifunike usiku kucha. Mkate utatoa maji yake na biskuti zitayanywa. Asubuhi mkate utakuwa mkavu nazo zitakuwa zimelainika.

KUHIFADHI

Ngoja zipoe kabisa. Biskuti ikifungiwa ingali na joto hutoa jasho, na jasho huleta ukungu. Zipange ndani ya kopo la bati au chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana. Zitakaa kama wiki moja, na siku ya pili utaona viungo vimekolea zaidi kuliko siku ya kwanza. Ukiwa pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, funga vizuri zaidi na uzile mapema. Ukiwa sehemu kavu za bara, ongeza kile kipande cha mkate.

Hii ndiyo biskuti ya kumfungia mume anayesafiri kwa basi siku mbili, au mtoto anayerudi bweni, kama shule inaruhusu. Hazivunjikivunjiki ndani ya begi, hazina krimu ya kuchacha, na zitafika zikiwa laini kama zilivyotoka nyumbani. Pia unaweza kuviringa madonge mabichi na kuyaweka katika sehemu ya kugandishia ya jokofu kwa muda wa mwezi mzima. Wageni wakibisha hodi, unaoka kumi tu, ukiongeza dakika moja au mbili.

JE, MOLASI INAONGEZA DAMU?

Swali hili linaulizwa sana na akina mama wajawazito, na linastahili jibu la kweli. Ni kweli kwamba molasi ina madini ya chuma, na ile nyeusi zaidi ina mengi zaidi. Lakini tupige hesabu. Mama mjamzito anahitaji kama miligramu 27 za chuma kila siku. Biskuti moja ya aina yetu ina molasi isiyofika kijiko kimoja cha chai, na chuma kilichomo hakifiki hata miligramu moja. Zaidi ya hayo, wengi tunaila pamoja na chai, na chai inauzuia mwili kuchukua chuma cha vyakula.

Kwa hiyo, mama mjamzito, usiache vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki ukitumaini biskuti, wala molasi ya chupa. Ukiona kizunguzungu, uchovu usioisha, au viganja vyeupe, nenda kapimwe. Maharagwe, dagaa, nyama, maini kwa kiasi kidogo ambacho mkunga atakuelekeza, na mboga za majani pamoja na ndimu au chungwa, ndivyo vyakula vya kutegemea. Biskuti ni kitu cha furaha, si dawa.

Tena ni kitu cha sukari. Kila moja ina sukari kama vijiko viwili na nusu vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula kwa siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Kwa mtoto wa shule, biskuti moja au mbili baada ya chakula zinatosha, na meno yapigwe mswaki kabla ya kulala. Mtoto mchanga aliye chini ya miaka miwili hana haja nazo kabisa. Mwenye ugonjwa wa kisukari asidanganywe na neno "asili": sukari guru na molasi ni sukari.

KAZI YA MIKONO MINGI

Jambo la mwisho ni kwamba biskuti hizi zinafaa sana kufanywa na watoto. Mwenye miaka mitano anaweza kuviringa madonge katika sukari. Mwenye miaka minane anaweza kutwanga mdalasini na kusawazisha vijiko. Mwenye miaka kumi na miwili anaweza kuangalia saa na kukuambia dakika ya tisa imefika. Moto uachie mikono ya mtu mzima. Na wavulana wasiachwe nje. Mtoto wa kiume anayejua kupima unga na kungoja bila haraka atakuwa msaada katika nyumba yake kesho, na mke wake atakushukuru.

Anza na nusu ya vipimo kama unaogopa hasara; kwa yai, lipige kwanza, kisha tumia nusu yake. Chagua siku ambayo huna haraka. Oka moja ya majaribio. Andika dakika zake. Halafu zitoe zilizobaki mapema kidogo kuliko moyo wako unavyotaka, uziache zipoe, na uwaite walio nyumbani.

Tunakutakia upishi mwema.